Ameteleza vizuri, au apewe pole?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu yuko darasa la sita hapa Ipagala, Dodoma. Ikifika Agosti hunipokonya simu aangalie mashindano ya kimataifa ya vijana wanaocheza juu ya barafu, yale ya Junior Grand Prix, na mimi mwenyewe nimeishia kuyapenda. Juzi tulikuwa tunaangalia marudio ya Mao Shimada wa Japani, nikaandika kwenye kundi la familia: "Huyu mtoto ameteleza vizuri mno." Kaka yangu akajibu: "Pole yake, ameumia?" Tena simu yangu inautafsiri mchezo wenyewe kuwa "skating takwimu", na kuna mtu nimeona ameyaita mashindano hayo "mbio za chipukizi". Je, nilikosea? Na hayo mengine, lipi la kushika?

JIBU: Marahaba, mama. Hukukosea, na kaka yako naye hakukosea. Mmekutana kwenye neno moja lenye kazi mbili, na kwa sisi tunaoishi Dodoma kazi moja imeifunika kabisa nyingine.

Nianze na kaka yako. Januari nilikuwa natoka soko la Majengo asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha, kinjia cha udongo mweusi kimekuwa kama kimepakwa mlenda. Mbele yangu alikuwa mama na ndoo ya nyanya kichwani. Mguu wa kulia ukamtoka. Akayumba, mkono mmoja ukawahi ndoo, mwingine ukatafuta hewa, kisha akasimama wima na hakuna hata nyanya moja iliyodondoka. Watu wote waliokuwa karibu tukasema kwa sauti moja: "Pole, mama!" Naye akaitikia: "Ahsanteni, nimeteleza tu."

Hivyo ndivyo neno hili linavyoishi kwetu. Aliyeteleza hupewa pole, hata kama hakuumia wala hakupoteza kitu. Ukisema "fulani ameteleza" ukanyamaza, msikilizaji tayari ana pole mdomoni. Tunalipeleka hadi kwenye ulimi na mwenendo: mtu akitamka lisilofaa mbele za watu tunasema ameteleza, na tunamsamehe upesi kwa sababu neno lenyewe limeshasema kwamba hakukusudia.

Na Kiswahili hakina uchache wa maneno kwa mguu uliosalitiwa na ardhi. Kujikwaa ni kidole kukutana na jiwe. Kunasa ni mguu kukataa kutoka. Kuserereka ni kushuka mteremko mfululizo kwa makalio, kama watoto wanavyofanya kwenye miamba ya vilima vyetu hadi kaptula zinatoboka. Kudidimia ni kwenda chini taratibu, na hilo ndilo lililoupa mji huu jina: simulizi inayojulikana zaidi inasema tembo alikwenda kunywa maji kijito cha Kikuyu akazama kwenye tope, na Wagogo waliomwona wakasema "idodomya", amedidimia. Mji wenye jina la namna hiyo hauwezi kulichukulia neno "kuteleza" kwa wepesi.

Sasa wewe. Ulisema "ameteleza vizuri", na kisarufi sentensi yako haina doa. Kitenzi "teleza" hakitaji nia. Kinaeleza tu kwamba kitu kinapita juu ya kitu kingine bila kukwama, na nia inaletwa na maneno yanayokizunguka. Ndiyo maana "kuteleza kwenye barafu" limekubalika kwenye magazeti na redio kwa miaka mingi, nami sioni sababu ya kulitafutia mbadala.

Kilichokuponza ni kiambishi "-me-". Ajali ya kuteleza huisha kabla hujapepesa jicho, hivyo karibu mara zote tunaisimulia ikiwa imekwisha: ameteleza, aliteleza akaanguka. Sikio limezoea hivyo. Badilisha uandike "anateleza vizuri" na pole inayeyuka, kwa sababu hakuna ajali inayodumu dakika tatu na nusu, ambao ndio muda wa onyesho huru la vijana wanaocheza mmoja mmoja. Ukitaka kusema yaliyokwisha, tumia kitenzi kilekile unachokitumia kwa mpira na kwa ngoma: "amecheza vizuri". Ni bahati kubwa kwamba kwetu kucheza ni mchezo na pia ni ngoma. Anayefunga goli anacheza, wanawake wa Kigogo wanaopiga muheme nao wanacheza. Mchezo huu wa barafu ni vyote viwili kwa pamoja, muziki na ushindani, na lugha nyingi hazina neno moja linaloubeba hivyo.

Mhusika mwenyewe muite mtelezaji, wala usisite. Kiishio "-ji" kinabeba mazoea na ufundi: mwimbaji, msomaji, mkimbiaji. Yule mama wa nyanya aliteleza, lakini hakuna atakayemwita mtelezaji. Kiishio kimemaliza kazi ambayo kitenzi peke yake hakikuiweza. Tumewahi kufanya hivyo kwa maji: meli ikizama ni msiba, lakini mzamiaji anakwenda chini kwa hiari yake na kazi yake inaheshimika. Viatu navyo ni "viatu vya kutelezea", na mahali ni "uwanja wa kutelezea", wa mita 60 kwa 30. Usiiache hiyo "-e-" ya katikati. "Viatu vya kuteleza" ni vile vilivyoisha soli.

Anapoanguka, sema ameanguka. Hapa nasisitiza, kwa sababu nimeshasikia mtu akisimulia "ameteleza akiruka" na nikashindwa kujua kama anasifu au anasikitika. Kwenye barafu methali yetu ya "kuteleza si kuanguka" ni sheria kamili: kuteleza ndiyo kazi, kuanguka hukatwa alama.

Nije kwenye "skating takwimu". Hilo litupe. Kimashine limetokea kwa sababu Kiingereza kinauita mchezo huo "figure skating", na hilo "figure" linafanana na neno lao la tarakimu, lakini asili yake ni nyingine kabisa: ni mchoro. Zamani mtelezaji alitakiwa kuchora kwa chuma cha kiatu chake duara na nane juu ya barafu safi, aurudie mchoro uleule bila kutoka nje ya mstari, na majaji wakainama kuukagua kama mwalimu anavyokagua mwandiko. Hadi 1968 michoro hiyo ilikuwa na asilimia 60 ya alama zote. Ikapunguzwa kidogo kidogo, na baada ya 1990 ikaondolewa kwenye mashindano ya kimataifa. Jina likabaki, mchoro ukaondoka. Kilichobaki leo ni miruko, mizunguko, hatua na madaha.

Kwa hiyo pendekezo langu ni "mtelezo wa madaha", nikiutenga na "mtelezo wa kasi", ambako watu wanakimbizana kweli. Najua vijana wa mjini wanasema "mtihani ulikuwa mtelezo", yaani rahisi. Hilo halinitishi. Mtoto akishaona mtu anaruka Axel, hatadhani tena kuna urahisi wowote. Axel ndio mruko pekee kati ya ile mikubwa sita ambao mtelezaji anauanza akitazama mbele, ndiyo maana una nusu mzunguko wa ziada. Umepewa jina la Axel Paulsen wa Norwe, aliyeuruka 1882. Majina ya namna hiyo, pamoja na Salchow na Lutz, yaache yalivyo, ni majina ya watu. Idadi ndiyo uiseme kwa Kiswahili: "Lutz ya mizunguko minne". Alexandra Trusova wa Urusi alikuwa mwanamke wa kwanza kuifanya hiyo kwenye mashindano rasmi, Oktoba 2018 mjini Yerevan, Armenia, na ilikuwa kwenye mfululizo huuhuu wa vijana anaoupenda binti yako.

Nimesema mfululizo, na hapo ndipo "mbio" inapoharibu. Nadhani aliyeandika hivyo alisikia Grand Prix akakumbuka magari ya langalanga. Lakini maneno hayo ni ya Kifaransa na maana yake ni tuzo kuu, hayana kasi ndani yake. Hakuna anayemkimbiza mwenzake. Kila mmoja anaingia uwanjani peke yake au na mwenzi wake, anacheza, anakaa kusubiri alama. Mashindano hufanyika wiki kwa wiki kwenye nchi mbalimbali, kwa kawaida saba, kuanzia Agosti hadi Oktoba, na mtelezaji haruhusiwi kucheza zaidi ya mawili. Mshindi wa kila shindano huvuna 15, wa pili 13, wa tatu 11, na kushuka hadi 1 kwa wa kumi. Sita wenye jumla kubwa huenda fainali ya Desemba. Hizo ziite pointi, kama tunavyosema kwenye msimamo wa ligi, na zile za majaji ziite alama. Ukizichanganya, mtu atashindwa kuelewa aliyepata alama 200 amefikaje kwenye pointi 15.

"Msimu" liko sawa, wala halina mjadala. Msimu wao huanza Julai 1, na sisi wa Dodoma tunaoona Bunge la bajeti likihangaika kila Juni hatuhitaji kuelezwa kwa nini mwaka unaweza kuanzia katikati. Andika "msimu wa 2024/25".

"Chipukizi" ndilo lililonisumbua zaidi. Ni neno zuri, lina mche ndani yake, lakini kwenye michezo linamsema anayeanza kujulikana, awe na miaka 14 au 24. Kule kigezo ni umri tu. Lazima awe ametimiza miaka 13 kabla ya Julai 1 ya msimu huo, na kwa wanaocheza mmoja mmoja asiwe amefikisha 19. Mchukue huyo Mao. Alizaliwa Oktoba 2008, akashinda fainali za Junior Grand Prix za 2022, 2023 na 2024, akabeba na ubingwa wa dunia wa vijana 2023, 2024 na 2025. Anaruka Axel ya mizunguko mitatu na nusu. Huyo si chipukizi, huo ni mti wenye kivuli. Kilichomzuia kwenda kwa wakubwa ni uamuzi wa 2022 wa shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ulioinua umri wa chini wa wakubwa kutoka miaka 15 hadi 16, na kuanzia msimu wa 2024/25 hadi 17. Kumwita chipukizi ni kumpunja, nami naona uchungu mtoto akipunjwa kwa neno.

Basi tumia "vijana". Litakuwa na kasoro yake, kwa sababu nchini mwetu kijana kisera anafika hadi miaka 35, na mjomba mwenye kitambi anaweza kudhani naye anahusika. Fanya wanavyofanya waandishi wa mpira wanapoandika juu ya Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17: taja umri mara ya kwanza, kisha endelea na "vijana" bila wasiwasi.

Barafu iache iwe barafu. Watoto wa Dodoma wanaijua kwanza kama barafu ya ubuyu, ya kunyonya wakitoka shule, na wakiambiwa kuna watu wanacheza juu yake hushangaa vizuri. Theluji ni ile inayoanguka kutoka juu, uwanjani haimo.

Ule ujumbe wa familia, mama, ningeuandika hivi: "Mao Shimada, mtelezaji wa Japani, amecheza vizuri mno. Ameruka Axel ya mizunguko mitatu na nusu na hakuanguka." Kaka yako akiuliza tena kama ameumia, mpe binti simu amweleze.