Leso na vitenge vya zamani Kisumu: nenda na mama

Dada, umeuliza leso na vitenge vya zamani vinapatikana wapi hapa Kisumu, na utajuaje kama si nguo ya juzi iliyopauka. Mimi huu ni mwaka wa tisa nikivitafuta. Usiende peke yako. Nenda na mama au shangazi aliyevivaa enzi zile.

Kibuye siku ya Jumapili ni pazuri, ila damka. Beli ya mitumba ikifunguliwa tu mafundi wanachukua kamera, yaani zile bora za kwanza, wewe unaachiwa fagia, yaani masalio. Isitoshe, mitumba inatoka ng'ambo, kwa hiyo pale utapata mapazia, mashuka na vitambaa vya meza. Leso za zamani zimo ndani ya masanduku ya nyanya zetu, na masanduku hayo hufunguliwa kanisa linapouza vitu vya waumini ili kuchangia paa au karo.

Agosti iliyopita nilienda uwanja wa kanisa na mama na binti yangu. Mimi nilishaipita meza ya mapazia. Mama alifanya kazi Kicomi, kile kiwanda chetu cha pamba, kabla hakijafungwa. Macho yamepungua nuru, lakini vidole bado. Akaingiza mkono chini ya rundo, akasugua kitu kwa kidole gumba, akasema, "Hii pamba. Vuta." Ikatoka doti nzima, vipande viwili havijakatwa, nyekundu na nyeusi, korosho kwenye pembe. Jina lake: "Mgeni njoo mwenyeji apone." Binti yangu akaisoma kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Ilikuwa na alama ya K.H.E., Mali ya Abdulla, yaani Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, walioanza biashara 1887. Lakini alama hiyo inachapwa hadi leo, usiitegemee peke yake. Tazama mikunjo: hii ilikuwa imepauka kwenye mikunjo tu, kwingine rangi imekolea, na ilinuka dawa ya nondo. Mwenye meza alisema mama mkwe wake alipewa siku ya harusi, hakuivaa kamwe. Shilingi 150. Mama akanikataza kuomba kupunguziwa, na alikuwa na haki.

Kitenge, kigeuze. Waksi ya kweli, yaani kitenge kilichochapwa kwa nta, rangi yake ni ile ile pande zote mbili. Ukishanunua, chomoa uzi mmoja pembeni uuchome: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini, nailoni huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Tafadhali, fua kwa maji baridi na sabuni ya kipande, uanike kivulini. Niliwahi kuloweka kitenge cha marehemu shangazi kwenye maji moto. Nyekundu yote ikatoka, na mpaka leo roho inaniuma.

Ile doti hatujaikata. Mama anasema iamue binti yangu akikua.