Ubishi wa kijiweni: Stars ilianza AFCON lini?

Mdogo wangu, umeuliza umjibuje jamaa anayeshikilia kwamba Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, ilifika AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) kwa mara ya kwanza 2019. Mrudishe Lagos, 1980. Tiketi tuliikata Ndola mwaka 1979, bao la Peter Tino likatupa sare ya 1-1 na Zambia. Kule Nigeria wenyeji walitufunga 3-1, Misri 2-1, tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Pointi moja, lakini ipo!

Kisha ukame wa miaka 39. Mwaka 2019 tulipoteza mechi zote tatu, hata ile ya Kenya, 3-2, tuliyoongoza mara mbili (bado inaniuma). Halafu asikutege kwenye miaka: AFCON ya 2023 ilichezwa Januari na Februari 2024.