Muulize Fundi: Geji ya Mafuta Inaruka Ruka, Niifuate Aje?

SWALI: Fundi habari yako. Mimi naendesha teksi ya kuitwa kwa simu, gari ni Toyota ndogo imetoka Japani. Kwa dashibodi kuna namba mbili za mafuta, moja inaruka ruka, saa hii 4 saa hii 30, ingine imekwama kwa 11.8 km/L hata niendeshe namna gani. Hivi hawa watu hawawezi kutuwekea geji ya kusaidia mtu kusevu mafuta?
– Dereva, Kasarani

JIBU: Wanaweza, na wengine walishajaribu. Hiyo iliyokwama ni wastani, inahesabu tangu siku ilirudishwa sufuri, sasa kama hakuna mtu ameigusa tangu gari ishuke meli pale Mombasa hata ukiendesha kama malaika leo haitasonga. Kwa Toyota nyingi unaileta hapo kwa skrini halafu unafinya kitufe na kushikilia hadi ianze upya. Fanya hivyo kila ukijaza tangi.

Hiyo ingine inakuambia ukweli wa sekunde hii pekee. Ukishuka mteremko gia ikiwa imeingia na umetoa mguu kwa mafuta, injini nyingi za injekta zinakata petroli kabisa, ndio unaona namba inapanda hadi inagonga mwisho. (Na nyinyi mnaoweka fri kwa mteremko mkidhani mnasevu, kwa fri injini lazima inywe kidogo ndio isizime, na breki ya injini pia mmeipoteza.) Lakini ukwame kwa jam pale Globe na AC inanguruma, km/L ni sufuri. Ukizima AC bado ni sufuri. Yaani pale dereva wa Nairobi anachoma pesa bure ndio geji inanyamaza! Magari mengine ya Ulaya yakisimama yanageuka kusoma lita kwa saa, na hiyo ndiyo akili, sababu unaona AC inakula ngapi hapo hapo.

Honda Insight ya 2009 ilikuwa na spidomita inabadilisha rangi, kijani ukienda pole, buluu ukikanyaga sana, na hiyo naipenda kwa sababu unaiona bila kutoa macho barabarani. Walikuwa pia na majani madogo ya mti yanayoota kwa skrini ukiendesha vizuri, Ford nao wakaweka yao kwa Fusion Hybrid. Majani ni mazuri, sikatai, lakini EPRA, wale wa serikali wa kupanga bei ya mafuta, wakitangaza bei tarehe 14 hawatangazi kwa majani. Mimi ningepewa kazi ya kuchora geji ningechukua ile skrini ya Toyota Prius ya toleo la pili, ina mistari ya wastani wa kila dakika tano, hairuki na hailali, halafu niandike chini yake shilingi ngapi zimeenda. Kwa sasa tafuta ka-skana ka OBD, kale ka kusoma kompyuta ya gari, kanachomekwa chini ya usukani, kanaongea na simu kwa bluetooth na programu nyingine zinapiga hiyo hesabu. Isome ukishashukisha abiria, si ukiwa mwendo.

SWALI: Fundi, tuna pikapu ya duka inaenda 6 km/L na Vitz ya 15. Pesa ya kutengeneza inatosha gari moja. Makanika anasema pikapu itafika 8, Vitz ifike 20. Mzee anataka Vitz kwa sababu inaongeza tano.
– Mama Duka, Rongai

JIBU: Mama, mwambie mzee apige hesabu ya lita, si kilomita. Kwa kila kilomita 100 pikapu itatoka lita 16.7 ishuke 12.5, hapo umeokoa zaidi ya lita nne. Vitz itatoka 6.7 ishuke 5, haifiki hata lita mbili. Asione haya, hii km/L inachanganya wengi, Larrick na Soll wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani waliandika juu yake 2008 wakionyesha vile watu wanadanganyika na maili kwa galoni. Ndio maana geji ya lita kwa kilomita 100 ni bora, hata kama sisi tumezoea hii ya Japani. Kama gari zote mbili zinatembea sawa, pikapu iingie gereji kwanza.