Sauti ni ya bosi, namba si yake

Mama Daftari anajibu barua za wenye biashara ndogo

Habari za kazi, Mama Daftari. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Kaunta anakaa binti wa marehemu dada yangu, na pesa ya duka iliyo kwenye simu anaishika yeye. Mwezi uliopita nilikwenda Dar kufuata mzigo. Siku ya pili, mchana, ikaingia voisi kwenye WhatsApp yake kutoka namba ngeni yenye picha yangu: laini yangu ina shida, natumia ya dereva, gari limekufa Nzega, mtumie fundi milioni mbili na laki nne sasa hivi, usinipigie niko benki. Akatuma. Jioni nilipompigia kuuliza mauzo ndipo tukagundua. Nimeisikiliza ile voisi. Mama, ni sauti yangu, hadi ninavyovuta pumzi, na maneno yale sijayasema. Mke wangu anasema nimkate binti mshahara mpaka pesa irudi. Unasemaje?
Muuza Nondo, Mwanza

Ndugu yangu, usimkate hata shilingi.

Nilikuandikia kukuuliza mambo mawili kabla ya kujibu, na majibu yako ndiyo yaliyonionyesha pesa ilipopitia. La kwanza, niliuliza sauti yako inapatikana wapi. Ukasema kila Jumamosi unajirekodi dukani ukitangaza bei za mabati na saruji, unaweka TikTok na Instagram, na siku ya safari uliweka picha ukiwa kwenye basi. Basi tapeli hakuhitaji kukufahamu. Mwezi Januari 2023 watafiti wa Microsoft walitangaza programu waliyoiita VALL-E, inayoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikiliza sekunde 3 tu za maneno yake. Tangu hapo programu za namna hiyo zimezagaa. Wewe una dakika nzima za sauti safi hadharani, na wanaokufuata wote walijua kwamba siku ile hupo Mwanza. Sikwambii uache kutangaza, biashara ni matangazo. Ila picha ya safari iweke ukisharudi.

La pili, niliuliza siku za kawaida unamwagizaje binti pesa. Ukajibu: "Namtumia voisi, namwambia tuma, anatuma." Na akipiga kuhakikisha? "Huwa namkaripia, maana nakuwa na mambo mengi."

Hapo ndugu yangu niliweka kalamu chini. Umemzoesha miaka mitatu kwamba agizo la pesa linakuja kwa voisi, linakuja kwa haraka, na anayeuliza anakaripiwa. Tapeli alichofanya ni kupita njia uliyoifyeka mwenyewe. Ukimkata mshahara leo, atajifunza kitu kimoja tu: siku nyingine akikosea akufiche. Na saa ile ya kwanza, ambayo pesa bado inaweza kuzuiwa kabla haijatolewa kwa wakala, itapita yeye akiwa analia stoo.

Kaa naye, uso kwa uso, mkubaliane. Agizo la pesa likija kwa namba ngeni, anakupigia kwenye namba yako ya siku zote. Usipopokea, pesa inalala. Hata namba ikiwa ya kwako, kiasi kikivuka mlichokubaliana, tuseme laki tatu, anapiga na kukusikia ukijibu maswali, kwa sababu voisi haiulizwi swali na WhatsApp ya mtu huweza kutekwa. Halafu chagueni neno lenu. Desemba 2024 FBI ya Marekani iliwashauri watu wawe na neno la siri na jamaa zao kwa ajili ya sauti hizi za kuigiza, na mimi nimeona linafaa dukani vilevile. Liwe jambo ambalo halijawahi kuandikwa Facebook wala kutumwa kwa simu. Wasukuma mna majina ya ng'ombe ambayo mgeni hawezi kuyabahatisha.

Kisha mwambie mbele ya mkeo: "Ukichelewesha pesa kwa kuhakiki, hata gari likilala Nzega siku mbili, sitakusema." Akuone unamaanisha. Bila ahadi hiyo, kanuni zote nilizoandika hapo juu atazivunja siku ya kwanza utakayopaza sauti.

Kuhusu pesa iliyokwenda: ikitokea tena, simu ya kwanza ni 100, huduma kwa wateja wa mtandao wenu, dakika ileile, mkiwa na namba ya muamala mkononi. Ujumbe na namba ya tapeli vitumeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa 15040. Nendeni polisi mkachukue RB, ile namba ya taarifa yenu. Kwa sasa mmechelewa, lakini ripotini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na haiwezi kumfuata mtu ambaye hakuna aliyemshtaki.

*

Shikamoo Mama Daftari. Nina steshenari Morogoro. Nimepata barua pepe inayosema ni ya TRA, ina jina langu kamili na TIN yangu, inadai risiti za mashine yangu ya EFD hazilingani na ritani, yaani taarifa zangu za kodi, na nibonyeze linki ndani ya saa 24 nisipigwe faini. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Siku zote tuliambiwa tapeli unamjua kwa makosa ya maandishi. Hii haina kosa hata moja. Ni ya kweli?
Binti wa Steshenari

Marahaba mwanangu. Dalili uliyofundishwa ilikuwa ya kweli kwa wakati wake. Tapeli wa mbali alikuwa anatupa maneno yake kwenye programu ya kutafsiri, kinatoka kitu kama "Mpendwa mteja wa thamani, akaunti yako imekuwa imesimamishwa," nasi tunacheka na kufuta. Kisha Novemba 2022 ikaja ChatGPT, zikafuata nyingine, na leo mtu asiyejua hata kusalimia kwa Kiswahili anaagiza barua ya kodi inayosomeka kama ya ofisa aliyekaa mezani miaka kumi. Kwa hiyo Kiswahili kizuri kisikupe imani, na hata TIN isikupe. TIN yako iko kwenye kila risiti unayompa mteja.

Tazama linki bila kuibonyeza. Kwenye simu, iguse uishikilie mpaka anwani yote ionekane, au mwombe mtu akuonyeshe kwenye kompyuta. Tafuta alama ya mkwaju (/) ya kwanza baada ya jina la tovuti, halafu soma kurudi nyuma. Tovuti za serikali yetu kabla ya mkwaju huo huishia .go.tz. Uliyonitumia mimi imeanza na tra.go.tz, ndiyo iliyokuchanganya, lakini haiishii hapo. Inaendelea na nukta, kisha neno jingine, kisha .com. Mwenye nyumba ni lile jina la mwisho. Yaliyo kabla yake ni maandishi aliyochora ukutani kwake, na yeyote anaweza kuchora TRA.

Usibonyeze, usijibu, usiipigie namba iliyo ndani ya barua. Fungua mwenyewe tovuti ya TRA kwa kuandika anwani kwa mkono, uone kama una deni, au panda bajaji uende ofisini kwao na mashine yako. Asubuhi moja ikipotea foleni ni bei ndogo.

*

Assalaam aleykum Mama. Tuna nyumba ya wageni Paje, vyumba sita. Kijana wetu wa mapokezi alipokea ujumbe wenye nembo ya Booking.com kwamba mgeni amelalamika kuhusu kunguni na picha ziko kwenye linki. Akafungua. Ukurasa ukamtaka athibitishe yeye si roboti kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha abandike kitu na kupiga Enter. Alishtuka akaniita. Alikuwa hajapiga Enter. Je, tumeshaharibikiwa?
Wa Paje

Wa aleykum salaam. Kijana wako mpe hongera yake, na uitoe mbele ya wenzake.

Mchezo huu unajulikana. Machi 2025 Microsoft walieleza namna wahalifu walivyokuwa wakijifanya Booking.com tangu Desemba 2024 na kuwaandikia wafanyakazi wa mahoteli katika mabara kadhaa: mara lalamiko la mgeni, mara maoni mabaya, mara uthibitishe akaunti. Ujanja uko kwenye zile hatua za vitufe. Windows na R hufungua kidirisha cha kuiamuru kompyuta. Ule ukurasa wa uongo tayari umeshanakili amri kimyakimya, na ukibandika na kupiga Enter, wewe mwenyewe kwa mkono wako umeiambia kompyuta ikavute programu ya wizi. Programu hiyo hukusanya maneno ya siri yaliyohifadhiwa. Kinachofuata ni wageni wako wa mwezi ujao kuandikiwa kupitia akaunti yako halisi, kwa majina yao na tarehe zao, kwamba malipo yamekwama walipe upya. Mgeni akilipa, kwake yeye aliyemwibia ni nyumba ya Paje. Hapo ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu nyumba ya vyumba sita inaishi kwa jina lake.

Kama kweli Enter haikupigwa, amri haikufanya kazi. Hata hivyo, kwa kuwa linki ilifunguliwa, badilisheni neno la siri la akaunti ya malazi na la barua pepe, mkitumia kifaa kingine. Washeni uthibitisho wa hatua mbili kwenye vyote, na kwenye WhatsApp ya mapokezi pia. Zile tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe hazisomewi mtu yeyote, hata anayesema yuko ofisini kwao. Na kaunta yako ibandikwe karatasi kwa maandishi makubwa: hakuna tovuti ya kweli inayokuthibitisha kuwa binadamu kwa kukutaka ubonyeze Windows na R.

Malalamiko ya wageni yasomwe kwa kuingia wenyewe kwenye akaunti. Lalamiko la kweli mtalikuta humo.

*

Mama, mimi naagiza vitenge na mashuka kutoka Guangzhou. Msambazaji wangu wa miaka minne amesema akaunti yao ya benki imebadilika, barua imekuja kwenye mlolongo uleule tunaoandikiana siku zote. Nikasita. Jana akanipigia kwa video, nikamwona uso, akanihakikishia, akasema nisipotuma TT, yaani pesa kwa benki, leo kontena litakosa meli. Ni dola 18,000. Nimemwona kwa macho yangu. Nitume?
Mfanyabiashara, Kariakoo

Mwanangu, usitume. Nimekupigia simu leo asubuhi kukwambia hivyohivyo, lakini naijibu na hapa kwa ajili ya wengine walioko Mtaa wa Kongo na Msimbazi wenye barua kama yako mfukoni.

Mwaka 2021 nilikuwa mhasibu wa duka la jumla hapohapo Kariakoo. Proforma, yaani ankara ya awali, ilikuja kwenye mlolongo uleule, nembo ileile, bidhaa zilezile, namba ya akaunti tu ndiyo ngeni. Kiingereza chake kilikuwa kimepinda kidogo. Nilikiona, nikajiambia Wachina wetu huandika hivyo. Nikajaza fomu ya benki kwa mkono wangu, dola 11,400. Wiki mbili baadaye msambazaji wa kweli akauliza mbona kimya. Fundi aliyeikagua barua pepe yetu alikuta mtu ameingia kitambo na kuweka kanuni ndani yake: kila barua yenye neno la ankara nakala iende kwake. Alikuwa anatusoma miezi. Pesa haikurudi. Tajiri wangu hakunifukuza, na mpaka leo namwombea dua, lakini vijana wawili wa stoo walipunguzwa mwaka ule na najua kwa nini.

Mwaka 2023 peke yake, hasara za utapeli wa barua pepe za biashara zilizoripotiwa FBI zilifika dola bilioni 2.9. Tapeli wangu alikuwa na Kiingereza kilichopinda. Wa kwako hana hata hilo.

Sasa hiyo video. Mwanzoni mwa 2024, mfanyakazi wa fedha wa Arup, kampuni kubwa ya uhandisi ya Uingereza, katika ofisi yao ya Hong Kong, alipokea barua ya kumtaka afanye malipo ya siri. Alishuku, kama wewe ulivyosita. Kisha akaitwa kwenye kikao cha video, akamwona mkuu wake wa fedha na wenzake wengine anaowajua, wanaongea. Shaka ikamtoka. Akatuma pesa mara 15, jumla yake dola milioni 25 hivi. Kwenye kikao kile, isipokuwa yeye, wote walikuwa wa kutengenezwa. Angalia lilipotokea kosa: alikuwa na shaka sahihi, akaiondoa kwa kutumia mlango uleule uliomletea shaka. Barua waliileta wao, na video waliileta wao.

Wewe pia hukumpigia, alikupigia. Chukua kadi yake uliyopewa mkononi ulipokwenda Guangzhou, au namba iliyo kwenye ankara ya kwanza kabisa ya miaka minne iliyopita, upige namba hiyo. Mkaguzi wa barua pepe aje akague yako, na umwambie na yeye akague ya kwao, kwa sababu mmoja wenu ana mgeni ndani. Kontena likikosa meli, kuna meli nyingine.

Saa tatu asubuhi yetu, kwao ni saa nane mchana, wapo ofisini. Piga kesho saa tatu, kisha uniambie alichosema.