"Utafiti umeonyesha": watoto gani, na nani aliwapima?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chekechea. Kwenye semina tuliambiwa kwamba utafiti wa Marekani uitwao Perry umethibitisha faida za elimu ya awali hadi utu uzima. Wiki iliyofuata mwenzangu akaniletea utafiti wa Tennessee, Marekani, unaosema waliopita darasa la awali walikuja kufanya vibaya kuliko wenzao. Kama watafiti wenyewe hawapatani, nihangaike na majedwali yao kwa faida gani?

JIBU: Mwalimu, tafiti hizo hazibishani kiasi hicho. Kila mmoja ulijibu swali lake, na hilo utaliona katika sehemu ambayo wasomaji wengi huiruka, yaani mbinu za utafiti.

Perry ulianza mwaka 1962 mjini Ypsilanti, Michigan. Watoto walikuwa 123 tu, wote Wamarekani weusi wa familia maskini, na kati yao 58 ndio waliopata huduma hiyo ya elimu ya awali. Walisoma saa mbili na nusu kila asubuhi, mwalimu mmoja kwa watoto sita hivi, na kila wiki mwalimu alikwenda nyumbani kukaa na mama na mtoto saa moja na nusu. Tennessee ni habari nyingine: mpango wa jimbo zima, watoto karibu 3,000, darasa la hadi watoto 20 lenye mwalimu na msaidizi wake. Tena baadhi ya waliokosa nafasi walipelekwa vituo vingine, hawakukaa nyumbani wote. Jina "elimu ya awali" ni moja, lakini walichopewa watoto hakikuwa kimoja.

Tazama pia walipimwa lini. Katika Perry, alama za vipimo vya akili zilipanda mwanzoni, kisha tofauti ikafifia baada ya miaka michache. Walioendelea kuwafuatilia hadi umri wa miaka 40 ndio waliokuta kwamba waliopata huduma walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, walikuwa na kipato kikubwa zaidi na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Ripoti ya Tennessee ya mwaka 2022 imeishia darasa la sita. Hata hivyo usiitupe. Watoto wake ni wengi na nafasi ziligawiwa kwa kura ya bahati nasibu, kwa hiyo matokeo yake yanauma na yanamhusu kila anayefundisha watoto wadogo: kufungua darasa peke yake hakutoshi.

Ukipewa ripoti, usianze na hitimisho. Soma ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, nenda moja kwa moja kwenye mbinu, uandike pembeni: watoto wangapi, wa umri gani, walilinganishwa na nani, na makundi yaligawanywa vipi, kilipimwa nini, na kwa chombo gani, aliyepima alijua mtoto yupi yuko kundi lipi? Anayejua anaweza kumpa mtoto wa kundi analolipenda sekunde mbili zaidi za kufikiri, wala hakusudii. Kisha fungua majedwali. Linganisha wastani wa makundi kabla ya mafunzo, maana kama walikuwa wameshapishana, huwezi kusema tofauti ya mwisho imeletwa na mafunzo. Hesabu walioanza na waliomaliza. Wakianza 60 wakabaki 38, wale 22 huenda ndio ambao mpango uliwashinda.

Na neno moja linalowapotosha wengi: tofauti "yenye maana kitakwimu" si lazima iwe kubwa. Maana yake ni kwamba bahati tupu isingeileta kwa urahisi. Sampuli, yaani idadi ya waliopimwa, ikiwa kubwa, hata tofauti ndogo kabisa hupata sifa hiyo, kwa hiyo tafuta ukubwa wenyewe.

SWALI: Nimesoma kwamba mtoto asiyeweza kusubiri ili apewe peremende ya pili hatafanikiwa maishani. Wangu ana miaka minne na hasubiri hata dakika moja. Nifanyeje?

JIBU: Mama, usimhukumu mwanao kwa peremende. Jaribio hilo la mwanasaikolojia Walter Mischel, ambamo mtoto aliyesubiri bila kula peremende moja alipewa ya pili, lilifanywa kwa watoto wa shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, na waliofuatiliwa baadaye walikuwa wachache. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walilirudia kwa watoto zaidi ya 900. Uhusiano kati ya kusubiri na mafanikio ya shuleni walipofika miaka 15 ulikuwa kama nusu ya ule wa awali, na ulipungua tena kwa theluthi mbili hivi hali ya familia na uwezo wa mapema wa mtoto vilipozingatiwa.

Utafiti wa Celeste Kidd wa mwaka 2013 utakufaa zaidi, ingawa ulikuwa na watoto 28 tu. Waliotangulia kuahidiwa vifaa vya kuchorea wasipewe, walisubiri kwa wastani dakika tatu. Waliotimiziwa ahadi, dakika 12. Basi anza na ahadi ndogo unazoweza kuzitimiza siku hiyohiyo.

SWALI: Nataka kuanza kusoma hadithi kwa kuwauliza watoto maswali katikati, badala ya kusoma mfululizo. Mkuu wa shule anataka ushahidi. Nina watoto 30 na sina mtaalamu.

JIBU: Teua sita kwa kura, wala si wale wasemaji. Amua nini kitahesabiwa: kauli yenye kitenzi ambayo mtoto ameianzisha mwenyewe. Usihesabu maneno kama zifanyavyo tafiti za Kiingereza, kwani "amemkimbiza" ni neno moja na ni sentensi kamili. Kuitikia "ndiyo" pamoja na darasa hakumo.

Mwenzako apige vijistari, kimoja kwa kila kauli, kwa dakika 10 za kwanza za hadithi, saa ileile, siku tatu kwa wiki: wiki mbili kabla hujabadilisha chochote, kisha wiki nne za njia mpya. Siku mbili za mwanzo wahesabu watu wawili bila kutazamiana. Mmoja akipata 14 na mwingine 9, kanuni yenu imelegea, irekebisheni kwanza.

Makosa huingia hapa: ukileta maswali na vitabu vipya wiki moja, hutajua kilichosaidia ni kipi. Na kwa kuwa watoto hukua wenyewe katika wiki sita, pima pia watoto sita wa mkondo mwingine unaoendelea na njia ya zamani. Andika hesabu ya kila mtoto, si wastani pekee. Msemaji mmoja anaweza kuubeba wote. Omba ridhaa ya wazazi, na kwenye karatasi tumia namba badala ya majina.