Ukitaka Kusoma Historia ya Waogiek, Anzia Arusha

Juzi msomaji mmoja, mwanafunzi wa uzamili, aliniandikia kuwa amekatazwa kufanya tasnifu juu ya Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali wa Msitu wa Mau, Kenya, kwa sababu eti "hawana maandishi". Donge lilinikaba kooni. Maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi, mbele ya wenzangu, na mtu niliyemheshimu sana. Sikuyakubali. Leo tasnifu yangu imepita, ina jalada gumu, na orodha yake ya marejeo ni ndefu kuliko sura ya kwanza. Kwa hiyo, mdogo wangu, maandishi yapo. Yanataka mtu wa kuyatafuta.

Anzia Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu ya kesi ya Waogiek dhidi ya Kenya tarehe 26 Mei 2017, kisha hukumu ya fidia tarehe 23 Juni 2022. Zote mbili unazisoma bure kwenye tovuti ya mahakama. Wengi hukimbilia ukurasa wa mwisho waone nani kashinda. Wewe soma polepole hoja za pande zote mbili, maana historia imelala humo: notisi ya Oktoba 2009 iliyowapa siku 30 wahame, madai ya serikali kwamba wanauharibu msitu, na majaji kujibu kuwa uharibifu ulitokana na watu wengine kuingizwa humo na vibali vya kukata miti vilivyotolewa ovyo. Kila waraka uliotajwa niliupigia mstari, nikaenda kuutafuta. Miezi ikapita.

Kutoka hapo nilihamia Nairobi, kwenye jengo la Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue. Ukiomba faili za "Ogiek" za enzi ya mkoloni utatoka mikono mitupu. Mkoloni aliwaandika "Dorobo". Omba kwa jina hilo, pamoja na ripoti za mwaka za wilaya za Nakuru, Naivasha na Narok. Tafuta pia ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya Carter, tume ya kikoloni iliyochunguza madai ya ardhi, 1932 hadi 1934. Tume ile ilipendekeza Wadorobo wahamishiwe kwenye maeneo ya makabila mengine waliyofanana nayo. Nililisoma pendekezo hilo nikafunga faili kwa muda. Jamii nzima inanyimwa eneo lake kwa aya chache za tume, halafu miaka mingi baadaye mtu anasimama darasani na kusema hawana historia!

Sanaa je? Makumbusho hayatoshi. Mtafute mchonga mizinga ya nyuki. Gogo la mtarakwa hupasuliwa kwa urefu, likachongwa ndani, vipande viwili vikafungwa pamoja na kupandishwa mtini. Mzee aliyenionyesha alipitisha kiganja ndani ya mzinga kukagua kama kuna mahali hapajalainika, huku akinitajia ukoo upi una haki ya kutundika mizinga kuanzia mto gani hadi mlima gani. Eneo la ukoo hupanda kutoka chini hadi juu kwa kuwa maua hayachanui wakati mmoja. Mipaka niliyoisoma kwenye kesi niliielewa pale, chini ya mti.

Ila usiende kwa wazee kabla hujasoma. Wamechoka kuhojiwa na watu wanaouliza yaliyokwisha kuandikwa, kisha wasionekane tena. Soma kwanza. Ukipata nakala za faili, wapelekee. Wengine hawajawahi kuona mkoloni aliandika nini juu ya babu zao.

Wala usiishie kwenye ushindi wa Waogiek mahakamani. Novemba 2023, hukumu zote mbili zikiwa zimeshatoka, familia za Waogiek zilibomolewa nyumba Sasimwani, Narok. Vijana wenzangu, tusingoje mgeni aje na kamera atuandikie haya. Tasnifu inayokomea 2017 leo haijakamilika, na mimi mwenyewe sasa naandika sura ya nyongeza juu ya Sasimwani.