Watoto wa mdogo wako wako Texas, wewe uko Ohio: usikae kungoja

Pole sana, dada. Umeeleza kwamba watoto wa mdogo wako wamechukuliwa na serikali huko Texas, wanalelewa na watu wasiowajua, nawe Ohio unataka kuwalea. Mpigie leo afisa wa ustawi anayeshika faili lao, kisha umwandikie: wewe ni mama yao mkubwa na unaomba utaratibu wa ICPC uanze. Huo ni mkataba baina ya majimbo ya Marekani kuhusu kumpeleka mtoto akalelewe jimbo jingine. Bila kibali chake watoto hawahamishwi, hata mama yao akikubali. Tafadhali usiwafuate kwa gari ukaondoka nao kimyakimya. Utaharibu kila kitu.

Ohio itakagua nyumba yako na rekodi za polisi za kila mtu mzima anayeishi humo. Sheria inataka ripoti ndani ya siku 60, ila huchelewa mara nyingi, basi kumbushia kila wiki. Mtoto akifikisha miezi 15 mikononi mwa serikali kati ya miezi 22 ya karibuni, kwa kawaida serikali hutakiwa kuomba mahakama ifute haki za mzazi. Kiingereza kisikutishe, omba mkalimani, ni bure. Na omba kuongea na watoto kwa simu tangu sasa, wasikie Kiswahili cha nyumbani.